Ukinyeshewa Japani ukiwa juu ya baiskeli, ukimbilie wapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni Mtanzania, nasoma Osaka, mwaka wa pili. Septemba nina likizo ya wiki tatu na nimepania kuizunguka Shikoku kwa baiskeli: naanzia Onomichi, navuka visiwa hadi Imabari, nashuka Uwajima, nafuata pwani ya kusini hadi Kochi na rasi ya Muroto, kisha Tokushima na feri ya kurudi. Nina hema la mtu mmoja. Mwezi uliopita nilifanya jaribio la siku mbili. Mvua ilinianza saa nne asubuhi, haikukatika hadi usiku, nikaishia kulala ndani ya choo cha bustani ya umma, kile kikubwa cha watu wenye ulemavu. Naona aibu hata kukuambia. Wenyeji mvua ikiwakuta hukimbilia wapi? Na kimbunga kikija nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Aibu hiyo tugawane, maana vyoo vya bustani za Japani navijua kwa ndani kuliko ninavyopenda kusema. Ni visafi, vina taa, vina mlango wa kufunga, na saa nane za usiku mtu aliyelowa chapachapa haoni kingine. Ila usirudie. Choo kile mara nyingi ni kimoja tu katika bustani nzima, na anayekuja na kiti cha magurudumu hana pengine pa kwenda. Tena kosa lako halikutokea usiku. Lilitokea saa sita mchana, ulipokuwa umeshalowa saa mbili nzima na bado unakanyaga pedeli ukijiambia itakatika.

Unauliza "wapi" kana kwamba jibu ni moja. Yako matatu, na watu huumia kwa kuyachanganya. Lipo paa la kungojea manyunyu yapite, lipo paa la kulala, na lipo paa la kuokoa roho. Kibanda cha basi kinafaa kwa la kwanza, kwa shida sana kwa la pili, na kwa la tatu hakifai kabisa.

Tuanze na mwezi wenyewe. Umechagua Septemba kwa sababu chuo kimefungwa, wala sikulaumu. Tsuyu, ambayo ndiyo masika yao, utakuwa umeikwepa: huanza Okinawa mapema Mei, hupanda visiwa vikuu mwezi Juni na kuondoka kati au mwishoni mwa Julai. Lakini Septemba ina mvua zake, akisame, za utando wa mawingu unaotuama juu ya nchi siku mbili tatu bila haraka. Juu ya hizo vinakuja vimbunga. Kwa wastani, vimbunga kama 25 huzaliwa kila mwaka kaskazini-magharibi mwa Pasifiki, na kama 3 hutua katika visiwa vikuu vya Japani, vingi vikiwa vya Agosti na Septemba. Katika wiki zako tatu, siku nne au tano zitengee kukaa ndani tangu sasa. Mwenye ratiba ya kilomita 90 kila siku bila pumziko ndiye huyo ninayemkuta ametota kwenye stesheni, anatetemeka na bado anaangalia ramani.

Kisha jifunze umbo la kisiwa. Shikoku ina mgongo wa milima katikati, na mgongo huo unagawa mvua bila haki. Takamatsu, upande wa kaskazini unaotazama Bahari ya ndani ya Seto, hupata takriban milimita 1,150 kwa mwaka, karibu sawa na Dar es Salaam. Wakulima wa mkoa wake wa Kagawa wamechimba maelfu ya mabwawa kwa sababu maji hayawatoshi. Kochi, upande wa kusini, hupata zaidi ya milimita 2,500. Pepo za bahari zikija na unyevu zinagonga milima na kuumwaga wote upande ule ule unaopanga kupita. Faida yake kwako ni hii: ukiwa Kochi na utabiri ukawa mbaya, treni ya Dosan inavuka milima hadi upande wa Kagawa, na mara nyingi ukishuka huko unakuta lami kavu. Nimewahi kutoka kwenye mvua ya kupiga kelele juu ya bati nikafika kwenye kijua cha kuanikia nguo, siku ileile, kabla ya chakula cha mchana.

Haya, paa la saa moja. Hili Japani ni rahisi kuliko nchi yoyote niliyoendesha. Mjini na kwenye barabara kuu kuna konbini, yaani vile viduka vya saa 24. Nunua kitu, hata kahawa tu, egemeza baiskeli pembeni, isiwe mbele ya mlango, kung'uta koti nje kabla ya kuingia. Vingi vina choo, vingine vina viti. Hakuna atakayekufukuza, ila nawe usitandaze soksi juu ya meza. Vijijini ziko michi-no-eki, vituo vya kando ya barabara vilivyoanza kusajiliwa mwaka 1993 na sasa vimepita 1,200 nchi nzima. Choo na maegesho yake viko wazi usiku na mchana; duka na mgahawa kwa kawaida hufungwa jioni mapema. Kuna vibanda vya basi, na vijijini vingine vina kuta tatu, benchi, mto wa kukalia uliofumwa na bibi fulani wa kijiji, na ratiba inayoonyesha kwamba basi linalofuata ni kesho.

Mahekalu na madhabahu yana mabaraza mapana, nayo ni ya kuombea na kupumzikia. Simama, inamisha kichwa kidogo, kaa. Lakini radi ikianza usikae chini ya ile mierezi mirefu ya uani, wala kwenye banda lisilo na kuta. Ingia ndani ya jengo, au duka lolote lililo karibu. Mahandaki ya barabara nayo yasikudanganye. Shikoku imejaa mahandaki, na ukitoka kwenye mvua ukaingia handakini unahisi umefika peponi. Malori yanapita humo kwa nguvu, njia ya pembeni ni nyembamba, na wewe umevaa koti la mvua la kijivu. Washa taa ya nyuma, pita, toka. Mvua ingojee mahali pengine.

Paa ninalolipenda kuliko yote ni koinrandori, dobi ya kujihudumia kwa sarafu. Kila mji wenye shule na soko unayo. Ina joto, ina benchi, mara nyingi hakuna mhudumu, na ile mashine kubwa ya gesi ya kukaushia hukupa kama dakika 10 kwa sarafu ya yeni 100. Kwa sarafu nne umekausha kila kitu pamoja na mfuko wa kulalia. Novemba moja karibu na Uwajima niliketi humo nimevaa fulana na suruali ya mvua tu, nguo zangu zote zinazunguka, akaingia mama mzee na godoro lake la futon. Akanitazama juu hadi chini, akatoka bila neno. Nikajua anaenda kuita polisi. Akarudi na mfuko wa machungwa madogo ya mikan na taulo. Ile desturi ya kumpa msafiri kitu njiani, osettai, bado ipo Shikoku, kwa sababu ya mahujaji wanaokizunguka kisiwa kupitia mahekalu 88. Ukipewa, pokea kwa mikono miwili. Kukataa ndiyo dharau.

Kitu kimoja kuhusu mwili, kwa sababu sisi wa pwani hatukuzoea. Mimi ni mtoto wa Tanga. Kwetu mvua hulowesha, haigandishi. Huku, nyuzi 16 za joto pamoja na upepo na nguo mbichi zinatosha kukumaliza ukiwa kwenye mteremko, maana hukanyagi na joto halizalishwi. Kipimo changu ni zipu. Vidole vikishindwa kufungua zipu ya begi, safari ya siku hiyo imekwisha, hata kama ni saa tano asubuhi.

Paa la kulala lina sheria moja: amua kabla ya saa nane mchana. Saa nane bado simu zinapokelewa, treni zipo, na hujachoka kiasi cha kuona choo ni hoteli. Nyumba za wageni za familia, minshuku, hupika chakula cha jioni na hazipendi mgeni wa ghafla. Ukipiga simu mchana ukaeleza kwamba unaendesha baiskeli na umenyeshewa, mara nyingi watapata chumba, hata kama chakula hakipo. Hoteli za kawaida karibu na stesheni ni kati ya yeni 6,000 na 10,000, na wikiendi hupanda. Uliza baiskeli italala wapi. Onomichi ipo hoteli iliyojengwa ndani ya ghala la zamani bandarini, kwenye jengo la U2, inayokuruhusu kuingia na baiskeli hadi chumbani. Usitegemee hivyo kila mahali. Hoteli moja ilinikatalia hata baada ya kuifungasha kwenye mfuko, nikaiacha nje imefunikwa turubai, na usiku kucha nilikuwa naamka kuichungulia kama mtoto mgonjwa.

Kwenye miji mikubwa, Matsuyama, Kochi, Tokushima, kuna netto kafe, vyumba vidogo vyenye kompyuta na vitabu vya katuni, ambako usiku mzima ni takriban yeni 2,000 hadi 3,000. Nyingi zina bafu. Beba kadi yako ya ukaazi. Kuna pia nyumba kubwa za kuogea zinazokesha, unaoga maji ya moto halafu unalala kwenye kiti cha kuegemea pamoja na madereva wa malori wanaokoroma. Kwa mtu aliyelowa mchana kutwa, mimi huchagua hizo kabla ya hoteli, kwa sababu ya yale maji.

Njia yako inafuata njia ya mahujaji, na hiyo ni bahati. Mahekalu kadhaa yana nyumba za wageni: la 24, Hotsumisakiji, juu ya rasi ya Muroto, na la 37, Iwamotoji, huko Kubokawa, ni mawili utakayopita. Mengine yana tsuyado, kichumba kitupu cha kulalia hujaji, bure au kwa sadaka. Na kuna zenkonyado, malazi ambayo watu binafsi huwapa mahujaji kwa ajili ya thawabu. Hizi si hosteli. Unaomba kwenye ofisi ya hekalu inayogonga mihuri, nayo hufungwa saa 11 jioni. Ukifika saa 12 umechelewa. Hapa napenda kusema wazi: kama huhiji, sema huhiji. Eleza mvua, eleza safari, ukikataliwa shukuru. Nimeona vijana wakijivika fulana nyeupe ya mahujaji ili tu wapate kulala bure, na wenyeji wanawajua.

Stesheni zisizo na wahudumu na vibanda vya basi, je? Wapanda baiskeli wengi wa Kijapani, hasa wanafunzi, wamelala huko, nami nimelala. Kisheria si pako, na vituo vingine vimebandika tangazo la kukataza. Kama umekwama kweli: subiri treni ya mwisho ipite, muulize mtu yeyote wa jirani, usifungue hema, usiwashe jiko, na kabla ya treni ya kwanza uwe umeshaondoka na takataka zako. Kwenye michi-no-eki hali ni hiyohiyo. Mwenye gari akisinzia kwa usalama wa barabara anavumiliwa. Kusimika hema kumekatazwa kwenye nyingi. Ungekuwa unaenda Hokkaido ningekuelekeza kwenye raida hausu, mabweni ya bei ya chini ya wasafiri wa pikipiki na baiskeli. Shikoku tegemea mahekalu na viwanja vya kambi, vile vyenye vibanda vya mbao vya kukodi.

Sasa kitu ambacho hukukitaja, na ambacho ndicho paa lako kubwa: mfuko wa rinko. Treni za Japani kwa kawaida hazikubali baiskeli nzima, lakini zinakubali mzigo. Toa magurudumu, funga kwenye fremu, ingiza vyote ndani ya mfuko kiasi kwamba hakuna kinachochungulia, hata kiti, na baiskeli imekuwa begi. Kwenye treni za JR, kampuni kubwa za reli za nchi, masharti ni jumla ya urefu, upana na kimo isizidi sentimita 250, urefu usizidi mita 2, uzito usizidi kilo 30. Hulipii ziada. Kwa mfuko huo, kila stesheni unayopita ni mlango wa kutoka kwenye mvua. Bila mfuko, stesheni ni kibanda tu.

Fanya mazoezi nyumbani. Mara ya kwanza itakuchukua dakika 40 na utapaka grisi ukutani. Ya tano, dakika 12. Kisha fanya mara moja na taa zimezimwa na mikono imelowa, kwa sababu ndivyo itakavyokuwa. Beba kitambaa cha kufutia fremu, na ukiwa ndani ya treni simama na mzigo wako nyuma ya behewa, ufunge kwenye nguzo. Mabehewa ya vijijini ni moja au mawili, hujaa wanafunzi saa 10 jioni, basi uikwepe saa hiyo. Treni ya Yodo, kati ya Uwajima na Kubokawa, ni chache kwa siku kiasi kwamba ratiba yake uiandike kwenye mkono.

Na sasa kimbunga, ambacho nitakaa nacho kidogo.

Wajapani huvipa vimbunga namba: cha kwanza kwa mwaka ni namba 1, na kuendelea. Ukisikia "taifu 14-go" ujue ni cha 14 mwaka huo. Shirika la hali ya hewa la nchi huchora njia yake kwa duara zinazofuatana kwenye ramani. Watu wengi huzisoma vibaya, wakidhani duara likikua kimbunga kinakua. Duara linaonyesha kitovu kinaweza kuwa wapi, kwa uwezekano wa asilimia 70. Linapanuka kwa sababu siku za mbele hazijulikani vizuri. Kinachokuhusu wewe ni eneo la dhoruba linalochorwa pamoja nalo, ambapo upepo unafika mita 25 kwa sekunde au zaidi. Kwa upepo huo hakuna baiskeli inayoendeshwa. Hata mita 15 kwa sekunde, eneo la upepo mkali, inakutupa njia ya pili.

Jambo jingine ni upande. Sisi tulioisoma habari ya kimbunga Hidaya, kilichofika Mafia Mei 2024, tunatoka kusini mwa ikweta, ambako vimbunga huzunguka kufuata mshale wa saa. Huku vinazunguka kinyume. Kwa hiyo upande mbaya hapa ni wa kulia wa njia yake, ambako mzunguko wa upepo na mwendo wa kimbunga vinajumlishwa. Kimbunga kikipita magharibi yako kikielekea kaskazini, tuseme juu ya Kyushu, wewe uliye Kochi uko upande huo wa kulia, unapigwa na upepo wa kusini uliobeba bahari nzima. Watu husema "kinaenda Kyushu, hakituhusu." Kinakuhusu.

Kwa hiyo siku tatu kabla, wakati jua bado linawaka na bahari imeanza tu kuvimba, wewe unaondoka. Panda treni uende upande wa kaskazini au urudi Osaka kabisa. Usingoje siku ya mwisho: kampuni za reli siku hizi hutangaza kusimamisha treni kabla kimbunga hakijafika, na feri zinasimama mapema zaidi. Madaraja ya Shimanami, yale ya visiwani kati ya Onomichi na Imabari, nayo hufungwa upepo ukizidi. Ile njia yote ni kama kilomita 70, na daraja la Kurushima peke yake lina takriban kilomita 4 hewani juu ya mkondo wa bahari, bila paa hata la ndege. Ukikwama visiwani kaa kisiwani. Lipia chumba siku mbili, nunua mkate, maji na tambi kavu kabla rafu hazijawa tupu, chaji simu, na baiskeli iingie ndani.

Hema lako siku hizo ni mzigo tu. Na kuna mahali pamoja ambapo sitaki ulisimike hata anga likiwa jeupe: mchangani katikati ya mto. Kambi za kando ya mito ya Japani ni nzuri, tambarare, na nyingi ni bure. Agosti 1999, kwenye mto Kurokura mkoani Kanagawa, watu 18 waliopiga kambi kwenye kisiwa cha mchanga walizolewa na maji ya mvua ya milimani, na 13 walikufa. Walikuwa wameonywa waondoke. Mito hii ni mifupi na ina mteremko mkali. Mvua inyeshe mlimani usikojua, maji yakufikie ukiwa usingizini. Ukifika mto Shimanto utaona madaraja ya chinkabashi, membamba, yasiyo na kingo. Yalijengwa bila kingo makusudi ili mafuriko yapite juu yake bila kuyang'oa. Tazama lilivyo juu ya maji siku ya kiangazi, halafu piga hesabu ya mahali ulipotaka kulala.

Tahadhari za serikali zina ngazi 5. Ya 3 huwataka wazee na wengine wanaohitaji muda mrefu waondoke sehemu za hatari. Ya 4 ni agizo la kila mtu aliye kwenye eneo la hatari kuondoka. Ya 5 maana yake janga limekaribia sana au limeshafika, jiokoe ulipo. Wewe ni mgeni, uko kwa miguu miwili na magurudumu mawili, na huijui barabara. Jihesabu na wazee. Ngazi ya 3 ndiyo yako. Simu yako itapiga kelele ya ajabu, vipaza sauti vya kijiji vitasema maneno yanayogongana milimani usielewe hata moja. Uliza mtu wa karibu, "hinanjo wa doko desu ka", mahali pa kukimbilia ni wapi. Mara nyingi ni ukumbi wa michezo wa shule au jengo la umma. Mgeni anapokelewa kama mwenyeji. Beba mkeka wako wa kulalia na taulo, kwa sababu unalala sakafuni, na baiskeli ibaki nje.

Chunguza alama za ubao wa hinanjo. Kila pahala pamepimwa kwa janga lake: mafuriko, maporomoko ya udongo, tsunami, na penye alama ya moja huenda hapafai kwa jingine. Pwani ya Kochi utaona minara mirefu ya chuma yenye ngazi. Hiyo ni ya tsunami. Kwa mvua ya upepo haina kuta wala maana, lakini ukihisi ardhi inatikisika muda mrefu ukiwa ufukweni, ndiyo unayopanda, na baiskeli iache hapohapo.

Sehemu moja ya njia yako inanitia wasiwasi kuliko nyingine zote, nayo ni Muroto. Kutoka Tokushima reli inashuka pwani na kuishia Kannoura. Kutoka Kochi reli nyingine inakuja hadi Nahari. Kati ya Kannoura na Nahari, kuzunguka rasi, ni takriban kilomita 70 za barabara namba 55 bila reli, mlima mkono mmoja, bahari mkono wa pili, na upande wa mashariki kuna vipande virefu ambapo konbini unaiota tu. Kule mfuko wa rinko hauna kazi. Kwa hiyo siku hiyo uivuke kwa utabiri mzuri peke yake. La sivyo subiri Nahari hata siku mbili. Rasi hii imetoa jina kwa vimbunga viwili vikubwa, cha Septemba 1934, kilichoua watu karibu 3,000, na cha Septemba 1961. Mwezi wako kabisa. Simulizi inasema mtawa Kukai, ambaye mahujaji hufuata nyayo zake, alijikinga na kutafakari kwenye pango la Mikurodo hapo chini ya rasi, na kwamba kwa kuwa aliona anga na bahari tu, ndiyo akajiita hivyo: ku ni anga, kai ni bahari. Ukisimama pale upepo ukivuma unamwelewa.

Vifaa sitavitolea hotuba. Madigadi kamili, mbele na nyuma, yana faida kuliko koti la bei kubwa. Poncho iache nyumbani, kwenye upepo inakuwa tanga. Mwavuli juu ya baiskeli ni kosa, na tangu Aprili 2026 polisi wanaweza kumwandikia mwendesha baiskeli tiketi ya faini, basi usiige wanafunzi wenzako. Nguo za kulalia ziwe ndani ya mfuko wa plastiki, ndani ya mfuko mwingine, na zisivaliwe barabarani kwa sababu yoyote. Viatu vijaze gazeti usiku. Kwenye mvua ogopa mistari myeupe, vifuniko vya chuma na viungio vya madaraja. Hapo usipige breki wala kukata kona.

Kimbunga kikishapita, asubuhi yake huwa na anga safi ajabu. Wenyewe wana neno lake, taifu ikka. Utatamani kuruka juu ya baiskeli. Subiri nusu siku. Mlima uliolowa bado unaporomoka, matawi yamejaa barabarani, na maandishi 通行止め, njia imefungwa, yatakuwa kila kona. Yajifunze kwa macho kabla ya kuondoka Osaka, pamoja na 避難所, mahali pa kukimbilia.

Halafu ukitoka Nahari kuelekea rasi ya Muroto, simama Kiragawa, mtaa wa zamani wa wafanyabiashara wa makaa. Nyumba zake zimezungukwa na kuta za mawe ya mviringo dhidi ya upepo, na kwenye kuta nyeupe za lipu wamepachika vigae safu kwa safu, kama vijipaa vidogo, ili mvua inayokuja kwa ubavu idondoke kabla haijaichimba lipu. Nipigie picha moja. Ile niliyokuwa nayo ililowa.